Ama Watu Ama Samaki? Kukosoa Fikra Potofu Katika Miradi ya Maji ya Bonde la Pangani

Katika mijadala ya mipango ya maji iko hoja moja ambayo hutolewa mara kwa mara, na kila inapotolewa huonekana kama imemaliza mjadala. Hoja yenyewe ni hii: wananchi wana kiu, mto upo, basi maji yavutwe; anayeuliza habari za samaki amejitenga na umma, au amelishwa fikra za wageni wanaopenda viumbe wa porini kuliko binadamu. Hoja hii ina sura ya kuwatetea wanyonge, na ndiyo sababu huwavutia makada wengi wenye nia njema, hasa vijana. Sisi tunasema kwamba hoja hii ni potofu, kwamba haiwatetei wanyonge hata kidogo, na kwamba kazi yake halisi ni kuwaficha watumiaji wakubwa wa maji nyuma ya mgongo wa mama mwenye ndoo.

Hatupendi kulizungumza jambo hili hewani. Nadharia isiyokanyaga ardhi ni porojo. Kwa hiyo tutauchukua mto mmoja, mto Pangani, tuuchunguze toka mlimani hadi baharini, tuone nani anachukua nini, nani anapoteza nini, na kosa liko wapi.

MTO WENYEWE

Pangani unazaliwa katika milima ya Kilimanjaro na Meru. Tawi lake moja ni Kikuletwa, linalokusanya maji ya Meru na ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro. Tawi la pili ni Ruvu, linalotoka Ziwa Jipe mpakani mwa Tanzania na Kenya. Wala msomaji asilichanganye na Ruvu ile inayonywesha Dar es Salaam. Matawi haya mawili hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto hushuka katika nchi kavu, milima ya Upare upande mmoja na nyika ya Simanjiro upande wa pili, ukapita katika kinamasi cha Kirua, ukafika Korogwe na Hale, na mwisho ukaingia katika Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani. Safari yote ni kama kilomita 500. Bonde lake linagusa mikoa minne: Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Tanga, na sehemu ndogo iko Kenya.

Wananchi wa bonde hili hawakungoja mtu wa kuwafundisha kugawana maji. Wachagga walichimba mifereji ya kuleta maji vihambani tangu zamani sana. Wapare walijenga ndiva, yaani malambo madogo ya kukusanya maji usiku na kuyafungulia mchana kwa zamu, kila ukoo ukijua siku yake na kila mtu akijua kazi yake ya kuzibua mfereji. Mtu aliyeiba zamu ya mwenzake aliadhibiwa. Palikuwa na kasoro nyingi katika utaratibu ule, kwa kuwa wazee na koo zenye nguvu walijipendelea, na wanawake waliobeba maji hawakuwa na sauti ya kutosha. Hata hivyo ulikuwa na jambo moja ambalo mipango yetu mingi ya baadaye ililipoteza: aliyekaa juu alimwona kwa macho yake aliyekaa chini, na alijua kwamba akichukua yote patatokea ugomvi.

Ukoloni ulikuja na mashamba makubwa ya katani, kahawa na miwa, na pamoja na mashamba ukaleta hati. Maji yakawa mali ya mwenye karatasi. Mkulima wa mfereji asiye na karatasi akawa kama mwizi katika mto wa babu yake. Kisha ikaja mitambo ya umeme katika maporomoko ya Pangani. Baada ya Uhuru tuliendelea kujenga: kituo cha Hale cha megawati 21 mwaka 1964, bwawa la Nyumba ya Mungu katikati ya miaka ya 1960, pamoja na mtambo wake wa megawati 8, skimu ya mpunga ya Moshi Chini katika miaka ya 1980, na kituo cha Pangani Mpya cha megawati 68 mwaka 1995. Kila kimoja kilikuwa na sababu yake nzuri. Kosa halikuwa kujenga. Kosa lilikuwa kujenga kila kimoja kana kwamba vingine havipo.

KOSA LA KWANZA: KUUKATA MTO VIPANDE

Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lengo lile lilikuwa sahihi kabisa, na anayelicheka leo kwa sababu halikutimia hajui uzito wa ndoo kichwani. Lakini tuangalie njia iliyotumika. Mipango mikuu ya maji iliandikwa kwa mikoa, na karibu kila mkoa ulipata mfadhili wake. Kilimanjaro walikuja Wajapani, Tanga walikuja Wajerumani, na mikoa mingine ilipata wengine. Kila kundi la wataalamu lilikuja na vipimo vyake, pampu zake na ramani yake, na ramani ile iliishia mpakani mwa mkoa.

Mto haujui mpaka wa mkoa. Maji aliyoyahesabu mtaalamu wa Kilimanjaro kuwa ni ya Kilimanjaro ndiyo yale yale aliyoyahesabu mtaalamu wa Tanga kuwa yatafika Tanga. Hivyo maji mamoja yakaandikwa mara mbili katika makaratasi, na katika mto yakabaki mamoja. Sheria ya matumizi ya maji ya mwaka 1974, iliporekebishwa mwaka 1981, ilifungua njia ya kusimamia maji kwa mabonde, na nchi ikagawanywa katika mabonde 9. Ofisi ya bonde la Pangani ilikuwa ya kwanza kuanzishwa, mwaka 1991. Hiyo ilikuwa hatua kubwa mbele. Lakini tuseme ukweli: ilizaliwa wakati kituo cha Pangani Mpya kikitayarishwa, na hofu kubwa ya wakati ule ilikuwa kwamba wakulima wa juu wangeinyima maji mitambo ya chini. Mitambo ilipata mtetezi. Kinamasi, mvuvi na samaki hawakupata.

Fikra ya kukata vipande haijafa. Hata leo mradi wa maji hupimwa kwa idadi ya vituo vya kuchotea, urefu wa bomba na idadi ya vijiji. Hivyo ni vipimo vya lazima, lakini havitoshi. Mradi unaotoa maji mtoni ni lazima upimwe pia kwa kile kilichobaki mtoni, mwezi hata mwezi, hasa Septemba na Oktoba mto unapokuwa mwembamba. Taarifa isiyokuwa na hesabu hiyo ni nusu taarifa.

KOSA LA PILI: KUWATIA WATUMIAJI WOTE KATIKA GUNIA MOJA

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu, kwa hiyo tunamwomba msomaji ashike kalamu.

Nchi ya tambarare ya Same na Mwanga ni kavu. Milima ya Upare huikinga mvua, na kwa miaka mingi wananchi wa huko wametembea mbali sana kutafuta maji, mengine ya chumvi. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe, ambao huchukua maji katika bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza mwaka 2014 na ulizinduliwa Machi 2025. Wananchi waliungoja zaidi ya miaka kumi. Je, ni mradi kama huu unaowaua samaki wa Pangani?

Tuhesabu. Tuchukue watu 400,000, na kila mmoja tumpe lita 50 kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Jumla ni mita za ujazo 20,000 kwa siku, au kama milioni 7.3 kwa mwaka. Bwawa la Nyumba ya Mungu likijaa lina zaidi ya mita za ujazo bilioni moja. Kwa hiyo kiu ya watu 400,000 kwa mwaka mzima haifiki hata asilimia moja ya bwawa lililojaa. Sasa tuchukue mpunga. Hekta moja ya mpunga wa kumwagilia, katika nchi ya joto kama ile na kwa mifereji ya udongo inayovuja, hula mita za ujazo 10,000 na zaidi kwa msimu. Maana yake ni kwamba maji yanayowatosha watu 400,000 kwa mwaka mzima hayatoshi hata kwa msimu mmoja katika hekta 730 za mpunga. Tena kuna jua. Bwawa hili lina uso wa zaidi ya kilomita za mraba 100 na liko katika nchi ya ukame. Maji yanayopaa kuwa mvuke kila mwaka ni mengi mara nyingi kuliko yote yatakayopita katika mabomba ya vijiji.

Hesabu hii inabomoa fikra ya ama watu ama samaki. Mgongano kati ya mama wa Mwanga na perege wa Pangani haupo, au ni mdogo kiasi cha kutoonekana. Mgongano uliopo ni kati ya matumizi makubwa yasiyodhibitiwa kwa upande mmoja, na wote wengine kwa upande wa pili: mama mwenye ndoo, mkulima mdogo wa mwisho wa mfereji, mfugaji, mvuvi, mji wa Pangani ambako maji ya chumvi hupanda ndani ya mto pale maji matamu yanapopungua, na samaki. Hawa wote wako kundi moja. Anayewagombanisha anamsaidia mtu mwingine, awe anajua au hajui.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba mpunga au miwa ni adui, kwa kuwa taifa linakula na mfanyakazi wa shamba la miwa naye ana watoto. Tunasema kwamba mfereji unaopoteza maji mengi kabla hayajafika shambani hauna haki ya kujificha nyuma ya jina la maendeleo. Tunasema pia kwamba mwenye kibali kikubwa ndiye apimwe kwanza, afunge mita kwanza, na apunguziwe kwanza wakati wa ukame. Kwa kawaida yetu mambo huwa kinyume: mnyonge asiye na kibali ndiye hufukuzwa kwanza, kwa sababu yeye ndiye rahisi kumfukuza.

KOSA LA TATU: KUDHANI MTO NI MTUNGI

Mtungi ukiwa na maji nusu una nusu, wala haidhuru yameingia lini. Mto sivyo. Kwa samaki wa mtoni, wakati wa maji una thamani sawa na wingi wake.

Perege dume huchimba kiota katika maji ya kina kifupi kando ya mto au ziwa, na jike hubeba mayai na vifaranga kinywani mpaka wapate nguvu. Bwawa likishushwa ghafla wakati huo, viota hubaki juani na vifaranga hukosa majani ya kujifichia. Kambale hungoja mafuriko, naye huingia katika nyasi zilizofunikwa na maji ili kutaga. Ningu na jamaa zake hupanda mto kwa wingi pale maji ya mvua yanapofika, na ukuta usiokuwa na njia humaliza safari yao hapo hapo. Kwa maneno mengine, mafuriko ya msimu, ambayo mhandisi huyaita hasara, kwa samaki ndiyo mwanzo wa mwaka.

Mitambo ya umeme inataka kinyume cha haya: maji ya kiasi kile kile mwaka mzima. Nyumba ya Mungu ilijengwa kwa shabaha hiyo, kuyazuia mafuriko na kuyatoa polepole. Matokeo yake yalionekana Kirua. Kinamasi kile kilikuwa kikifurika kila msimu, kikazaa samaki, majani ya malisho na mashamba ya kandokando. Mafuriko yalipofungiwa bwawani, kinamasi kilisinyaa na uvuvi wake ukasinyaa nacho. Walioishi kwa kinamasi hawakuulizwa wala hawakulipwa, kwa sababu katika vitabu vya mradi kinamasi kiliandikwa kuwa ni mahali maji yanapopotea bure.

Wapo watakaojibu kwamba hasara ya Kirua ilifidiwa na samaki wa bwawani. Ni kweli kwamba bwawa lilipojaa mara ya kwanza uvuvi ulifumuka. Wavuvi walikuja kutoka mbali, na mwaka 1970 mavuno yalizidi tani 20,000. Lakini ule ulikuwa utajiri wa bwawa jipya, ambamo miti na nyasi zilizozama huoza na kurutubisha maji kwa miaka michache. Baada ya hapo mavuno yalianguka, wala hayajarudi katika kiwango kile. Kada anayetumia takwimu za miaka ya mwanzo kuthibitisha kwamba bwawa ni neema ya samaki anafanya kama mtu anayepima mshahara wa mwaka kwa siku ya sikukuu.

KOSA LA NNE: SAMAKI NI SAMAKI TU

Kosa hili limefanywa na watu wa uvuvi wenyewe. Husemwa: ikiwa wa asili wamepungua, tupandikize wengine wanaokua haraka. Kitoweo ni kitoweo.

Pangani ina perege wake wa asili ambao hawapatikani katika mto mwingine wowote duniani. Mwaka 1955 mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe aliwaeleza kisayansi perege wa Ziwa Jipe na wa mto Pangani, nao wakapewa majina ya maji yao: Oreochromis jipe na Oreochromis pangani. Leo yule wa Jipe amewekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ziwa lake limejaa udongo na magugu kutokana na mmomonyoko wa juu, na ndani ya maji yake wameingia wageni.

Tangu enzi za ukoloni, na hata baada yake, vifaranga vya perege wa sehemu nyingine vimehamishwa kutoka bonde hadi bonde bila kuuliza. Ngege wa Ziwa Victoria alipelekwa Pangani. Sato wa Nile ameenea katika mito mingi ya Tanzania, ama kwa kupandikizwa makusudi ama kwa kutoroka katika mabwawa ya kufugia. Wageni hawa hushindania mazalia na chakula, na zaidi ya hapo huzaana na wenyeji. Wakishazaana kwa vizazi kadhaa, mwenyeji hupotea bila hata maiti kuonekana: mvuvi bado anavua perege, lakini perege wa Pangani hayupo tena.

Mtu wa vitendo atauliza hasara iko wapi. Iko sehemu mbili. Ya kwanza ni ya uchumi. Samaki wa asili ameishi na ukame, chumvi na joto la mto wake kwa muda mrefu kupita kumbukumbu ya binadamu; mbegu yake ni hazina kwa ufugaji wetu wa kesho, na nchi inayotupa mbegu zake itazinunua za wengine. Ya pili ni ya kisiasa. Tumekwisha kuona Ziwa Victoria. Sangara aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960 kwa hoja hii hii ya kitoweo. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa, na inakisiwa kwamba aina 200 hivi za furu zilitoweka. Biashara kubwa ilipatikana, hatukatai. Lakini minofu ilipanda ndege, na mvuvi mdogo aliyekuwa na kokoro lake la furu na ngege akageuka kibarua katika mtumbwi wa tajiri. Kinaya cha mambo ni kwamba ngege yule aliyekaribia kwisha nyumbani kwake Victoria aliendelea kuvuliwa Nyumba ya Mungu, ambako yeye ndiye mgeni. Hivyo ndivyo mambo yanavyokuwa mipango inapofanywa bila elimu.

KOSA LA TANO: KUMWADHIBU ALIYE KARIBU

Samaki wanapopungua bwawani, mtuhumiwa huwa mmoja tu: mvuvi. Nyavu zake huchomwa, na zaidi ya mara moja uvuvi wa Nyumba ya Mungu umesimamishwa kwa muda. Hatuwatetei wenye nyavu za matundu madogo. Wanaomaliza vifaranga wanawaibia wenzao na watoto wao. Kufunga uvuvi wakati wa kuzaliana ni jambo la busara pale wavuvi wenyewe wanaposhirikishwa. Lakini tunauliza: mvuvi akikaa pwani miezi mingi bila kipato ili samaki wazaliane, je, kuna aliyemwambia mwenye milango ya bwawa asishushe maji ghafla miezi hiyo hiyo? Kuna aliyepima udongo unaoletwa na mito kutoka mashamba ya juu? Kuna aliyechunguza vifaranga vilivyomwagwa humo ni vya aina gani? Ikiwa maswali haya hayakuulizwa, basi mzigo wote wa kulinda samaki amebebeshwa mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Huko ni kuonea, hata kama kumeitwa uhifadhi.

FUNZO KUTOKA MTO COLORADO

Wapo wanaoamini kwamba nchi zilizoendelea zilimaliza kwanza maendeleo ya maji, kisha zikapata anasa ya kufikiri habari za samaki. Mto Colorado wa Marekani unaonyesha gharama ya mpangilio huo. Mwaka 1922 majimbo saba yaliugawana mto ule kwa mkataba, kwa kutegemea vipimo vya miaka ambayo mvua zilikuwa nyingi. Matokeo yake ni kwamba makaratasi yaligawa maji ambayo mto haunayo, na mpaka leo majimbo yanavutana.

Mwaka 1962, katika kutayarisha bwawa la Flaming Gorge, serikali za huko zilitia sumu katika tawi la mto ule liitwalo Green, kwa mamia ya kilomita, ili kuwaua samaki wa asili walioitwa takataka na kupisha samaki wa mchezo wa matajiri wenye ndoano. Miaka 11 baadaye, mwaka 1973, nchi hiyo hiyo ilitunga sheria ya kuwalinda viumbe walio hatarini, na baadhi ya samaki wale wale waliotiliwa sumu wakawa chini ya ulinzi wake. Mwaka 1988 ulianza mpango wa kuwarudisha samaki wanne wa asili wa sehemu ya juu ya Colorado: kujenga njia za samaki penye kuta, kutoa maji ya mafuriko kutoka mabwawani kwa wakati wake, kufuga na kurudisha vifaranga, na kuwaondoa samaki wageni. Walilipa kuwaua, kisha wakalipa tena kuwafufua.

Lakini funzo la pili ni muhimu zaidi kwetu. Mpango ule wa 1988 haukusimamisha miradi ya maji. Uliunganisha mambo mawili: miradi iliruhusiwa kuendelea kwa sharti kwamba kazi ya kuwaokoa samaki inaendelea na inaonekana. Mwaka 2021 mmoja wa samaki wale wanne aliondolewa katika daraja la hatari kubwa na kuwekwa katika daraja la hatari ndogo zaidi. Kazi haijaisha, na ukame wa Colorado ni mkali. Hata hivyo imethibitika kwamba ama watu ama samaki si sheria ya maumbile. Ni matokeo ya mipango mibovu.

SHERIA YETU INASEMAJE

Jambo la kushangaza ni kwamba sisi hatuna upungufu wa sheria. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mahitaji ya msingi ya binadamu mbele ya yote, na mazingira ya mto yakafuata papo hapo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, iliufanya mpangilio huo kuwa amri: kwanza maji ya nyumbani, pili akiba ya mazingira, yaani maji yanayopaswa kubaki mtoni ili uhai wake usikatike, tatu shughuli nyingine zote za uchumi kwa kadiri ya maji yaliyosalia.

Tuusome vizuri mpangilio huu. Sheria imemweka mama mwenye ndoo namba moja na samaki namba mbili, wamefuatana. Mashamba makubwa, viwanda na mitambo vinafuata nyuma. Kwa hiyo kada anayesema samaki wangoje mpaka maendeleo yakamilike anapingana na sheria ya nchi yake. Tatizo ni kwamba akiba ya mazingira imeandikwa kwa lugha ya kitaalamu, inakaa katika mafaili, na kamati ya kijiji haijui ni kiasi gani kinachopaswa kupita katika mto wake mwezi wa Oktoba. Haki isiyojulikana hailindwi na mtu.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Ukosoaji usiotoa njia ni lawama. Sisi tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, akiba ya mazingira itolewe katika mafaili ipelekwe mtoni. Katika kila kituo cha kupimia maji pawekwe alama ya rangi inayoonekana: maji yakishuka chini ya hapa, wenye vibali vikubwa hupunguziwa. Mtoto wa shule aweze kuisoma, na tawi liweze kuuliza.

Pili, ratiba ya kufungua na kufunga milango ya Nyumba ya Mungu ijadiliwe kila mwaka kati ya watu wa umeme, bodi ya bonde, wakulima na wavuvi. Maji yasishushwe ghafla wakati perege wakiwa katika viota. Miaka ya mvua nyingi, sehemu ya mafuriko iachiwe kwa makusudi ifike Kirua. Umeme utakaopunguzwa kwa ajili hiyo uhesabiwe waziwazi, na samaki na malisho yatakayopatikana yahesabiwe vile vile, ili umma uamue kwa takwimu.

Tatu, mabanio ya miradi ya maji yawekewe machujio ya kuzuia vifaranga kuvutwa na pampu, na kuta mpya zisijengwe bila njia ya samaki pale ambapo samaki wanapanda. Gharama yake ni ndogo wakati wa kujenga, na ni kubwa baada ya kujenga.

Nne, ni marufuku ya kweli inayotakiwa kuhusu kupandikiza sato na wageni wengine katika mito na maziwa ya bonde. Anayefuga sato afuge katika mabwawa yasiyomwagikia mtoni. Vituo vya vifaranga vipewe kazi ya kuzalisha perege wa asili wa bonde lenyewe.

Tano, wavuvi na wanawake wachotaji wa maji wawe na viti katika jumuiya za watumia maji, wala wasiitwe tu siku ya kusomewa maazimio. Mvuvi mzee huona mabadiliko ya mto kabla chombo cha kupimia hakijayaonyesha.

Sita, fedha za kusakafia mifereji zitafutwe kwa bidii ile ile inayotafuta fedha za mabwawa mapya. Maji yanayookolewa katika mfereji unaovuja ni maji ambayo hayahitaji kuibiwa kwa mtu yeyote.

Kwa wanafunzi tunaongeza neno moja. Mkienda likizo katika kijiji chenye mradi wa maji, msiridhike kuuliza mabomba ni mangapi. Fuateni bomba mpaka kwenye banio, kisha fuateni mto chini ya banio kwa saa mbili au tatu. Waulizeni watu wa huko walikuwa wakivua nini miaka 20 iliyopita na wanavua nini sasa, nani ana kibali na cha kiasi gani, na maji hukatika mwezi gani. Andikeni majibu hayo na kuyaleta katika mikutano. Mpango wa maji wa bonde utakuwa sahihi siku utakapoweza kujibu maswali hayo mbele ya watu wa chini ya banio, na wao wakakubali kwamba umejibiwa kwa haki.